Sikio la Ami Shee

*Kikundi: Watu wa Langoni*

Fatma, 2:05 usiku: Assalam aleikum. Nimetoka kwa daktari na Ami. Sauti nyembamba zimemwondoka masikio yote mawili: s, f, t hazisikii. Nzito zimebaki, chini ya hezi 500: ngoma, injini ya boti. Ndiyo maana hujua mtu anasema, asijue anasema nini. Mashine za kawaida zimeshindwa, anafaa kipandikizi: waya hutiwa ndani ya sikio kwa upasuaji, na kifaa cha nje, asikie kwa umeme.

Fatma, 2:31: Mwasoma, mwanyamaza. Jumatatu nampigia daktari. Nani atafuatana naye Nairobi? Na mchango?

Bakari: Akisikia vizuri atatudai nyavu zake 😂

Salma: 😂😂

Halima: Da Fatma, si wasema waya ukiingia, kile kidogo kilichobaki kinakufa?

Fatma: Zamani ndivyo ilivyokuwa mara nyingi. Ndani ya sikio pamejipinda kama konokono, mizunguko miwili na nusu. Nyembamba zasikika mlangoni, nzito mwisho kabisa. Basi waya laini hupitishwa pole pole kwenye kidirisha cha mviringo kilicho hapo mlangoni, usifike mwisho, na dawa ya steroidi kuzuia uvimbe. Zikinusurika, nzito atazisikia kwa sikio lake, nyembamba kwa umeme. Madaktari wa Frankfurt walieleza kuunganisha hivi tangu 1999. Lakini daktari hakunificha: zaweza kupotea, hata miezi baadaye.

Omari: Pesa zote hizo kwa "zaweza". Kama lile shamba la kule Hindi.

Fatma: Shamba halihusiani.

Omari: Lahusiana. Nani aliuza, nani aliambiwa baadaye?

*Ujumbe huu umefutwa*

Bakari: Mvua ikimnyeshea daoni, umeme hautamrusha?

Fatma: La. Kifaa cha nje hushikwa na sumaku, chavuliwa. Bakari, kabla ya upasuaji lazima achanjwe dhidi ya homa ya uti wa mgongo. Hilo ndilo la kushughulikia.

Salma: Bibi ametuma sauti, nawaandikia: "Shee alikuwa akisikia adhana kabla yenu kuamka. Ramadhani iliyopita nilimwita futari akawa anautazama mdomo wangu. Shamba niliuza mimi. Mwenye neno aje barazani. Na yeye mwenyewe, mmemuuliza?"

Omari, 3:48: Niwie radhi, Bibi.

Ami Shee, 4:10: Nipo, nasoma. Ngoma ya Maulidi naisikia kwa la kushoto. Watie la kulia. La kushoto wasiliguse.

Fatma: Ami, vipimo vyasema la kulia ndilo bovu zaidi. Nitamwambia daktari maneno yako hayo hayo. Mchango, jamani?

Halima, 5:40: Nilikuwa kazini. Namfikisha Mokowe. Nairobi siwezi.

Bakari: Nauli ya basi juu yangu. Ya kwenda.

Fatma: Na ya kurudi?