Android System WebView: tupeane uzoefu wa kuielewa na kuitibu inapogoma

Mwanzisha mada, fundi simu, Kampala

Wakuu, habari za leo. Malalamiko yanayofika kwenye meza za mafundi ni yaleyale: programu ya benki inafunguka na kujifunga hapohapo, ukurasa wa kulipia unabaki mweupe, duara linazunguka bila mwisho. Mwenye simu tayari ameshauriwa aifomati. Picha za watoto zinapotea, namba za watu zinapotea, na ugonjwa unarudi wiki ileile, kwa sababu aliyefomati hakujua kilichokuwa kinaumwa.

Kwenye orodha ya programu za mfumo kuna kitu kinaitwa Android System WebView. Watu wengi hawakumbuki kukipakua, kwa hiyo wanakidhania kirusi na kukizima. Hicho ndicho kinachoziwezesha programu zako kuonyesha kurasa za intaneti ndani yake bila kukutoa nje kwenda kwenye kivinjari. Masharti ya mkopo, fomu ya kujisajili, habari unazosoma ndani ya programu ya gazeti: nyingi zinapitia hapo.

Fikiria nyumba ya kupanga yenye jiko moja la pamoja. Kila mpangaji ana sufuria yake na chakula chake, lakini moto ni mmoja. Moto ukizimika, wote wanalala njaa. Sufuria ya mmoja ikitoboka, ni yake peke yake.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, uliza hivi: imegoma programu moja, zimegoma kadhaa kwa mpigo, au hata Chrome haifungui ukurasa? Kama hata Chrome haifungui, angalia kwanza bando, mtandao, na tarehe ya simu. Kama ni programu kadhaa kwa mpigo, shuku WebView. Kama ni moja tu, iache WebView, itazame hiyo programu.

Tupeane tunayoyajua: hatua, matoleo, sababu.

Fundi, Mbale

Umeanza vizuri. Naongeza jambo linalowachanganya hata mafundi, yaani jiko lenyewe liko wapi. Limehamahama. Android 4.4 ya mwaka 2013 ndiyo iliyoleta WebView iliyojengwa juu ya Chromium (msingi uleule wa Chrome), lakini ilikuwa imeshonwa ndani ya mfumo, huwezi kuisasisha peke yake. Android 5 ikaitoa nje, ikawa inasasishwa kupitia Play Store. Kwenye Android 7, 8 na 9 kazi hiyo ilipewa Chrome yenyewe. Kuanzia Android 10 ikarudi kuwa kifurushi chake.

Maana yake kwa vitendo: ukishika simu ya Android 8 ukakuta Android System WebView imezimwa, usihangaike kuiwasha. Hapo Chrome ndiyo inayofanya kazi, na ndiyo ya kusasisha. Ukiikuta imezimwa kwenye Android 11 au 13, hapo kuna mtu aliizima, iwashe.

Sasa programu nyingi zinapojifunga kwa mpigo. Tarehe 22 Machi 2021 ilitokea dunia nzima: WebView iliharibika, programu zikawa zinajifunga zenyewe, Gmail ikiwamo. Google ikatoa dawa kwa kusasisha WebView na Chrome hadi toleo la 89.0.4389.105. Waliofomati simu siku ile walipoteza vitu vyao bure.

Dawa ya hali kama ile: ingia Mipangilio, Programu, gusa nukta tatu za juu uchague kuonyesha programu za mfumo, tafuta Android System WebView. Ndani yake gusa tena nukta tatu, uondoe masasisho. Zima simu uiwashe. Programu zikifunguka, umejua mwenye kosa ni toleo jipya. Lakini usiishie hapo! Ukiondoa masasisho, simu inarudi kwenye toleo lililotoka nalo kiwandani, na huenda ni la miaka minne iliyopita, lina matundu ya usalama ambayo wezi wanayajua. Ngoja siku moja au mbili, kisha sasisha WebView na Chrome pamoja.

Kama huioni ukiitafuta Play Store, shuka chini kabisa kwenye ukurasa wa taarifa za WebView ndani ya Mipangilio. Kuna sehemu ya maelezo ya programu, ukiigusa inakupeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wake dukani.

Mchangiaji, Malaba

Na Play Store ikisema inasubiri, inasubiri, hadi kesho? Bando lipo, mtandao upo.

Fundi simu, Kampala

Hilo ndilo tatizo la nyumbani kwetu hasa, wacha nilieleze polepole.

Play Store kwa kawaida husasisha yenyewe simu ikiwa kwenye Wi-Fi, iko kwenye chaji, na haitumiwi. Mtu anayetumia bando mwaka mzima hatimizi sharti la kwanza hata siku moja. Simu inakaa na WebView ya zamani hadi programu ya benki inaikataa.

Anajaribu hotispoti ya simu ya ndugu yake. Bado haisasishi. Sababu ni kwamba simu ya Android inayogawa hotispoti huitangazia simu nyingine kwamba data hii inalipiwa, na simu inayopokea inajizuia. Ingia kwenye Wi-Fi, gusa jina la mtandao huo, fungua sehemu ya matumizi ya data, ubadilishe kutoka kutambua yenyewe kwenda mtandao usiopimwa. Hapo itashusha. Ukimaliza irudishe, la sivyo programu zote zitakunywa bando la mwenzako.

Sababu ya pili ni nafasi. Simu nyingi mikononi mwa watu hapa ni za GB 16 au 32, na mfumo umeshachukua sehemu kubwa. Kusasisha kunahitaji nafasi ya faili linaloshushwa na ya kulifungua. Mimi siwezi kuanza kazi hiyo simu ikiwa na chini ya GB 1 tupu. Anza na video za WhatsApp, huko ndiko mzigo uliko, lakini mwulize mwenye simu kabla ya kufuta hata moja.

Sababu ya tatu ni foleni. Play Store ikiwa na programu kumi na tano zinazosubiri, WebView iko mkiani. Simamisha zote, sasisha Chrome peke yake, halafu WebView peke yake. Ikigoma bado, futa akiba (cache) ya Play Store, kisha data yake, washa simu upya. Kufuta data ya Play Store hakuondoi programu wala akaunti yako.

Msanidi programu, Ntinda

Niseme upande wa programu moja iliyogoma, kwa sababu watu wanailaumu WebView kwa makosa yetu sisi wasanidi.

Ule mfano wa sufuria ni sahihi kabisa. Vidakuzi (cookies, kumbukumbu ndogo za tovuti) na akiba ya kurasa havikai kwenye WebView, vinakaa ndani ya kila programu. Kwa hiyo ukifuta data ya Android System WebView, ukurasa ulioharibika ndani ya programu ya benki unabaki vilevile. Ukifuta historia ya Chrome, vivyo hivyo. Ingia kwenye programu iliyogoma, Hifadhi, futa akiba tu. Data iache iwe ya mwisho, maana ukiifuta umetoka kwenye akaunti, na kama laini ya kupokelea namba ya uthibitisho haipo, umejifungia nje.

Ukurasa unafunguka, unasoma kidogo, kisha ghafla programu nzima inaanguka: hiyo mara nyingi ni upungufu wa RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya simu. Kuanzia Android 8, kwenye simu nyingi, kazi ya kuchora ukurasa hufanywa pembeni, kwenye mchakato wake. Simu yenye RAM ndogo ikibanwa, inauua mchakato huo. Msanidi aliyejiandaa anafungua ukurasa upya, mtumiaji haoni kitu. Asiyejiandaa, programu yake inauawa pamoja nao. Funga programu nyingine, jaribu tena. Ikipona, WebView haina kosa.

Kitufe cha kupandisha picha ya kitambulisho kinabonyezwa na hakifanyi lolote? WebView haifungui galari yenyewe, msanidi lazima aandike sehemu ya kupokea ombi la faili. Asipoandika, kitufe kimekufa. Sasisha programu hiyo, au ingia kwenye tovuti hiyohiyo kupitia Chrome, kitufe kitafanya kazi.

Na ukiona kosa la 403 lenye neno `disallowed_useragent` unapoingia kwa akaunti ya Google, hakuna cha kutengeneza kwenye simu. Google haikubali mtu aandike nywila yake ndani ya WebView, kwa sababu mwenye programu anaweza kuisoma. Inaitambua kwa herufi mbili, `wv`, ambazo WebView huziweka kwenye utambulisho wake inapoomba ukurasa. Ingia kupitia kivinjari. Sharti hili linakulinda, usitafute njia ya kulizunguka.

Mwalimu wa kompyuta, Gulu

Tusiwasahau wenye simu za zamani, ni wengi na wanadanganywa sana. Kila Android ina mwisho wake: Chrome 95 ndiyo ya mwisho kwa Android 5, 106 kwa Android 6, 119 kwa Android 7, na 138 kwa Android 8 na 9. Kuanzia 139 lazima uwe na Android 10, na WebView inafuata mpaka huohuo. Ukikuta Android 7 iko kwenye 119, imefika mwisho wa safari. Fundi anayechukua pesa "kuisasisha" hapo anamwibia mtu.

Simu hizo zina ugonjwa mwingine, vyeti vya usalama, yaani vitambulisho vinavyothibitisha kuwa tovuti ni ya kweli. WebView inategemea orodha ya vyeti iliyo ndani ya mfumo. Cheti kiitwacho ISRG Root X1, ambacho tovuti nyingi zenye vyeti vya Let's Encrypt (shirika linalotoa vyeti bure) hukitegemea, kiliingia Android kuanzia 7.1.1. Zilizo chini yake zilibebwa na mpango wa muda ulioisha Septemba 2024. Ndiyo maana ukurasa uliokuwa unafunguka zamani sasa unaleta onyo la usalama au weupe mtupu. Kwenye Android 6 kushuka, ukikisakinisha cheti hicho mwenyewe kutoka tovuti ya Let's Encrypt, programu zitakikubali. Kuanzia 7, nyingi hazikubali cheti ulichoweka kwa mkono. Firefox, kivinjari kingine, hutembea na injini yake na vyeti vyake, hivyo iliyomo kwenye simu ya namna hiyo inaweza kufungua kurasa ambazo WebView imezikataa.

Lakini kabla ya yote hayo, tazama tarehe! Betri ikiisha kabisa, simu nyingine hurudi miaka ya nyuma, na kila cheti kinaonekana hakijaanza. Weka tarehe sahihi, saa za Afrika Mashariki, GMT+3.

Mchangiaji, Busia

Je, nikiizima WebView nitaokoa MB na betri?

Msanidi programu, Ntinda

Hapana, ndugu. MB zinazotumika zinahesabiwa kwa programu iliyofungua ukurasa, na WebView ikiwa haijaitwa na mtu imelala. Tafuta programu inayokula data kwenye orodha ya matumizi, izuie hiyo isitumie data ikiwa nyuma.

Kuna jambo moja linaloshtua watu: WebView inaposasishwa, mfumo huziua programu zote zilizokuwa zinaitumia wakati huo, ili zifunguke na toleo jipya. Ukiona programu imejifunga mara moja tu wakati Play Store inashusha vitu, ifungue tena uendelee.

Fundi, Arua

Wanaopokezana faili za APK (faili za kusakinisha programu) kwa WhatsApp au Xender, sikilizeni. Kuanzia Android 10, WebView na Chrome hushirikiana maktaba moja iitwayo Trichrome Library, na toleo lake lazima lilingane na la WebView. Ukisakinisha APK ya WebView peke yake, inakataa kuingia. Hata ikilingana, lazima iwe ya prosesa yako: kuna arm64-v8a na kuna armeabi-v7a. Na faili lililopitia mikono kumi hujui limetiwa nini. Play Store tu.

Mwenye kompyuta na waya mzuri, washa chaguo za wasanidi kwa kugusa nambari ya muundo (build number) mara saba, washa utatuzi wa USB, kisha kwenye kompyuta yenye zana ya adb andika:

`adb shell dumpsys webviewupdate`

Inakuonyesha kifurushi kinachotumika sasa na toleo lake, na vilivyokataliwa pamoja na sababu. Ukiona imezimwa:

`adb shell pm enable com.google.android.webview`

Kwenye kumbukumbu za makosa, tafuta `MissingWebViewPackageException`. Ukiipata, simu haina WebView inayotumika, hakuna haja ya kubahatisha. Bila kompyuta, ndani ya chaguo za wasanidi kuna utekelezaji wa WebView: hapo unaona kilichochaguliwa na toleo lake.

Fundi simu, Kampala

Asanteni sana. Naongeza mawili yanayojificha. Tangu Facebook ifungwe hapa Uganda Januari 2021, watu wamezoea kuacha VPN ya bure ikiwaka mchana kutwa. Kurasa za ndani ya programu nazo zinapitia humo, na benki nyingine hukataa anwani ya nchi ngeni. Izime ujaribu. Pia angalia DNS ya faragha (huduma inayotafuta anwani za tovuti) kwenye mipangilio ya mtandao. Aliyeweka ya kuzuia matangazo anaweza kukuta kitufe cha kulipa hakitokei kabisa. Irudishe kwenye hali ya kiotomatiki.

Na mteja akiwa na haraka ya kutuma ada ya shule wakati simu bado iko mezani, menyu za pesa za simu, *165# ya MTN na *185# ya Airtel, hazipiti WebView wala intaneti. Mpe simu atume kwanza, kisha endelea na kazi.