Kisumu mwaka wa pili, Kiswahili ninacho ila maongezi yananipita. Nifanyeje?

BintiMwanza: Habarini wanajamvi. Mimi Mtanzania, natokea Mwanza, niko stoo kwenye kampuni ya samaki hapa Kisumu. Nilipovuka mpaka pale Sirari nilijiambia ziwa ni lile lile, Kiswahili kipo, shida itoke wapi? Kumbe! Pale soko la Kibuye nikisema "naomba dagaa wa mia" wanacheka, eti naongea kama mtangazaji wa redio. Dagaa huku ni omena, sangara ni mbuta, sato ni ngege. Hayo nimeshazoea. (Kuna mama nilimpa shikamoo, akaniuliza kwani yeye ni ajuza?)

Kinachoniumiza ni kazini. Mbele ya wateja ni Kiswahili na Kiingereza, lakini saa saba tukikaa kula ni Dholuo, yaani Kijaluo, mwanzo mwisho. Wakicheka nami nacheka. Wiki jana msimamizi kasema mzigo wa hoteli ni "kiny". Mimi nilikuwa nimeshika "okinyi", yaani asubuhi, basi nikautoa asubuhi hiyo hiyo. Kumbe kiny ni kesho. Kreti nne za sangara zikarudi zimelegea, nikasemwa mbele ya watu. Niwaombe waongee Kiswahili, au nitaonekana naringa?

JaKano: Pole sana dada. Hapo kwa chakula wasamehe, ugali ukifika Dholuo inatoka yenyewe. Lakini maagizo ya kazi ni kitu ingine. Mwone huyo msimamizi pembeni, siku na idadi aseme kwa Kiswahili ama aandike. Hiyo si kuringa, mzigo ukiharibika ni hasara yake pia.

Tolu77: Jifunze lugha uache kulia.

FundiNaks: @Tolu77 tulia. Dada, mimi ni Mluhya, niko gereji Nakuru, sijavuka mpaka wowote, na bado wenzangu wakianza Kikikuyu nabaki nikiangalia spana. Dawa yangu ilikuwa kuuliza "amesema nini?" kila mara, kwa mzaha, hadi mmoja akazoea kunitafsiria bila kuulizwa. Tafuta huyo mmoja.

MtuWaRorya: Mimi Mtanzania kama wewe, ila Mjaluo wa Rorya, Dholuo nimezaliwa nayo. Nilipofika Kisumu bado niliitwa mgeni, lafudhi tu iliniumbua. Kilichonivusha ni matanga. Mwenzako akifiwa, panda gari nao, nenda hadi kijijini, kaa usiku. Mchango ukipita, toa hata mia mbili. Mimi tangu niliporudi kutoka Siaya na wenzangu, wananihesabu kwenye chai.

BintiMwanza: Asanteni. Matanga sikuwahi kwenda, nilidhani mgeni hatakiwi. Leo nimeingia na "oyawore", salamu yao ya asubuhi, mlinzi kanijibu sentensi ndefu, sijaambulia hata neno. Msimamizi nitamwona kiny. Si okinyi.

JaKano: 😂 Huyo mlinzi alikuwa anakuuliza umeolewa, nakuhakikishia.