Barabara ya utalii Pangani: magari wamehesabu mwezi wa nne, leo tunaambiwa "trafiki ndogo"

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa daraja la Pangani, hoja si moja. Hapa nalilia njia ya kilomita saba inayotoka barabara kubwa kushuka ufukweni kwetu, iliyonyimwa matengenezo kwa hesabu ya magari ya mwezi wa nne.

Mimi ni mtu wa Pangani, ng'ambo ya mto, ukivuka Bweni ukashuka kusini. Nina vibanda vinne vya makuti ufukweni vya kulaza wageni na mashua moja ya kuwapeleka Maziwe, lile fungu la mchanga baharini. Kijiji sikitaji, mkandarasi simtaji, na yule bwana wa ofisini niliyebishana naye simtaji vilevile, maana wiki ijayo namhitaji anigongee mhuri. Pangani ni ndogo jamani.

Nianze na hili ili nisiitwe mpinga maendeleo. Barabara ya pwani naitaka kuliko mtu yeyote humu. Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo, kilomita 256. Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipitisha mkopo wa dola milioni 384 na ushei kwa awamu ya kwanza ya njia yote hii ya pwani, upande wa Kenya ukiwemo. Kwetu kuna daraja la mita 525 la kuvuka mto, na Mkange–Mkwaja–Tungamaa kilomita 95.2. Mkopo, siyo sadaka. Tutaulipa mimi na wewe na hawa wanaosoma chekechea.

Na kila aliyepanda jukwaani kuisemea barabara hii alikuja na neno lilelile: utalii. Tukatajiwa mbuga ya Saadani, tembo na bahari pamoja. Tukatajiwa Maziwe na kasa wake, boma la Mjerumani, mji aliponyongwa Bushiri mwaka 1889, makaburi ya Tongoni. Leo mtu wa Dar akitaka kuja kwetu na gari dogo anazunguka Chalinze, Segera, Muheza, halafu ndiyo aanze kuitafuta bahari aliyoiacha nyuma yake asubuhi. Kwa hiyo hoja ya utalii ilikuwa na mashiko, tukapiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga.

Sasa niulize: huyo mtalii analala kwenye lami?

Fukwe haziko barabarani. Unaiacha barabara kubwa, unakata kushoto au kulia, unashuka kwenye minazi. Hapo ndipo vilipo vibanda, hoteli, wavuvi, mama wa pweza, kila kitu kinachoitwa utalii kwenye hotuba. Kwangu ni kilomita saba. Kiangazi ni mchanga unaomeza tairi mpaka kwenye rimu. Masika kuna bonde la udongo mweusi katikati, pale hapapiti kitu. Kwenye mabilioni yote hayo, kilomita saba hizi hazimo hata kwa greda la kuparua.

Pasaka iliyopita nilikuwa na familia mbili kutoka Moshi, Noah mbili, watoto sita, bibi mmoja. Wameshalipa nusu. Noah ya kwanza ikazama bondeni saa kumi jioni. Pale kuna vijana wanne wenye majembe na magogo ya mnazi, huwakosi, ni kama ofisi yao. Bei ni elfu tano kila kichwa, ikishaingia jua ni elfu kumi. Na msidhani hawalijui bonde lile. Kuna mmoja nimemkuta kwa macho yangu asubuhi akimwaga ndoo ya maji pale pale palipoanza kukauka. Nikamuuliza, kijana unafanya nini? Akanijibu, "Mjomba, kila mtu na ajira yake."

Yule bibi alibebwa mgongoni. Mama wa miaka sabini na kitu, amevaa kitenge kipya cha Pasaka, amebebwa mgongoni na mtu asiyemjua, anacheka kwa aibu. Samaki changu niliowaandalia mchana wakaliwa saa nne usiku, wamekauka kama ngozi ya viatu. Asubuhi wakanishukuru vizuri tu, wakasema chakula kitamu, pahali pazuri. Baada ya wiki nasoma walichoandika mtandaoni: mwenyeji mkarimu, bahari nzuri, barabara usithubutu. Nyota mbili. Nikae nibishane nao nini? Nyota mbili ni haki yao.

Ndipo nikaenda ofisini kuulizia barabara yetu.

Nikaambiwa nikae, nikapewa hadi maji. Yule bwana akafungua kabrasha akasema kipande chenu kilishafanyiwa tathmini, hakikukidhi vigezo, trafiki ni ndogo. Nikauliza tathmini ilifanyika lini. Akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe.

Mwezi wa nne.

Wakuu, nikakumbuka. Walikuja vijana wawili, wastaarabu kabisa, wakakaa chini ya mkorosho pale njia panda siku saba na daftari, mvua inanyesha, wamejifunika turubai. Niliwapelekea chai. Wakati ule njia ilikuwa imekatika, magari yote yalikuwa yanaishia barabara kubwa. Wageni wangu wa wiki ile walipita mbele ya macho yao juu ya bodaboda, mabegi yamefungwa kwa mpira nyuma. Kwenye karatasi wameandikwa "pikipiki". Magari: wastani matatu kwa siku. Na moja kati ya hayo matatu ni pikapu ya jirani yangu, nina hakika, kwa sababu ndilo gari pekee lililokuwa limekwama upande wa ndani likawa linazungukazunguka humo humo.

Kwa hiyo barabara haitengenezwi kwa sababu magari hayapiti, na magari hayapiti kwa sababu barabara haijatengenezwa, na ushahidi umekusanywa mwezi ambao hata ng'ombe wanapita pembeni. Nilipomwambia hivyo akatabasamu. "Mzee wangu, takwimu ndivyo zilivyo." Mimi nina miaka arobaini na nne. Nikishikwa na hasira nazeeka nini?

Na fedha tunatoa. Tangu bajeti ya 2021/22 kila lita ya petroli na dizeli iliongezewa shilingi 100, tukaambiwa ni kwa ajili ya barabara zetu hizi za ndani, za vijijini na mijini. Sawa. Mashua yangu inatumia petroli. Yaani mimi nachangia barabara nikiwa katikati ya bahari, naelekea Maziwe, hakuna hata jiwe la kukanyaga, maana maji yakijaa lile fungu lenyewe linazama. Lita arobaini wiki yenye wageni. Pigeni hesabu wenyewe. Bado leseni, bado tozo za kulaza wageni, bado mchango wa mwenge.

Kitu kimoja tu tulipata. Miaka miwili nyuma lori lilishusha makalavati kumi na moja kando ya bonde, yale makubwa ya zege, mtoto anasimama ndani. Tukajua sasa kazi inaanza. Hayajasogezwa hata hatua moja. Mbuzi wa mzee jirani wanalala humo mvua ikinyesha, moja limeandikwa kwa mkaa ALI NA ZAI, jingine limeota mbaazi mdomoni na mwenye mbaazi anajulikana na anavuna. Nilipouliza ofisini nikaambiwa makalavati yale si ya mradi wetu, yalishushwa pale kimakosa, na ya kwetu yanasubiri tathmini. Ile ya magari matatu.

Najua majibu yenu, nimekaa humu tangu zamani. Kuna atakayesema nunua Land Cruiser. Mkuu, mimi ninayo ya mkopo, mgeni wangu ndiye hana. Kuna atakayesema vibanda vinne si uwekezaji, ngojeni waje wawekezaji wakubwa. Hao wakubwa wengine hawaihitaji barabara kabisa, wageni wao wanashuka na ndege ndogo au wanaletwa na boti kutoka Nungwi, wanaondoka hawajanunua hata dafu njiani. Mtalii anayekuja kwa barabara ndiye anayekula kwa mama ntilie na kuweka mafuta Pangani mjini. Huyo ndiye aliyetajwa kwenye hotuba, na ndiye anayebebwa mgongoni.

Na chawa wa viongozi mkija, njooni na hoja. Daraja naliona, sijalikataa. Nilichouliza ni hesabu ya mwezi wa nne.

Ninachotaka kwa wajuzi humu: hivi kuna utaratibu wa kuomba tathmini ya magari irudiwe mwezi wa nane au Desemba, shule zikifungwa? Barua inaandikwa na kijiji, na diwani, au mimi mwananchi naweza? Mwenye uzoefu aje PM. Nimeanza kuhesabu mwenyewe kwenye daftari la mashua, kila gari linaloshuka na kila linalogeuzia njia panda. Hata yanayogeuza nayaandika, kwa wino mwekundu.

Jumamosi nina wageni wanne kutoka Tanga na mvua imeshaanza. Nimewaambia gari waliache kwa muuza duka barabara kubwa, nitawafuata na bodaboda tatu, ya tatu ni ya mabegi.