Kompyuta inanionya mpaka nimeacha kusoma

Wadau, mimi ni daktari wa wodi. Mfumo wetu unanitolea onyo karibu kwa kila dawa ninayoandika, hata parasetamoli. Juzi usiku nilimwandikia metronidazoli, antibiotiki, mzee anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kisanduku chekundu kikatokea, kidole kikabonyeza "endelea" kabla macho hayajafika. Aliyeniokoa ni mfamasia, kwa simu. Wenzangu mnafanyaje?

Mfamasia wa zamu: Pole, daktari. Metronidazoli inazuia ini kuivunja warfarini, damu inakuwa nyepesi kupita kiasi na mtu anaweza kuvuja ndani kwa ndani. Ila onyo la hatari hiyo lina rangi ileile na la parasetamoli, nani atalisoma? Sisi tulikaa na mafundi, tukabishana wee, mwisho tukakubaliana: yale mazito tu ndiyo yasimamishe kazi na kudai sababu. Mengine yakae pembeni kimya.

Mzee wa programu: Mimi ni wa programu, si wa sindano. MYCIN, programu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka ya 1970 kushauri antibiotiki, ukiiuliza "kwa nini?" ilikuonyesha kanuni inayoifuata. Haikuwahi kuingia wodini, lakini ilijieleza. Hizi zenu zinapiga kelele tu.

Muuliza swali: Asanteni. @Mfamasia, kumbe hata kwetu kisanduku cha kuandika sababu ya kupuuza onyo kipo. Nimeenda kuangalia niliandika nini usiku ule. Nukta moja.