Kwa nini kubadilisha vigae vya ndani ya mtambo wa JET kulichukua karibu miaka 2?

mtaka_kujua:
Wakuu habari za leo. Nafuatilia sana hii mitambo ya fyusheni, yaani ile ya kuunganisha viini vya atomi kama linavyofanya jua, sasa nikakuta JET iliyokuwa Culham kule Uingereza ilizimwa Oktoba 2009 ikaja kuwashwa 2011, na kazi kubwa eti ni kubadilisha vigae. Vigae tu?? Si mafundi 50 wangeingia wakamaliza miezi miwili? Halafu vile vya zamani vilikuwa vya kaboni, na kaboni inahimili joto vizuri sana, shida ilikuwa nini? Anayejua anieleweshe.

nyuzijoto:
Mkuu mule huingii hovyo. 1997 waliendesha kwa deuteriamu na tritiamu (aina mbili za haidrojeni nzito, ndiyo fueli yenyewe) wakapata megawati 16, ila nyutroni zilizotoka zikakifanya chuma chenyewe cha ndani kiwe na mionzi na tritiamu nyingine ikabaki kwenye kuta. Mwaka uliofuata wakabadilisha vipande vya sakafu ya mtambo kwa roboti, mtu hajaingia. Na hii ya 2009 nayo kazi kubwa ilikuwa ya roboti.

Inaitwa MASCOT, ina mikono miwili, inaingizwa kwa tundu la pembeni ikiwa imebebwa na mkono mrefu wenye maungio unaojikunja kufuata duara la mtambo. Fundi amekaa chumba kingine kabisa, ameshika mikono inayofanana na ile ya ndani, roboti ikigusa kitu au bolti ikikaza anausikia ule ukinzani mkononi mwake. Mimi hapo ndipo napopapenda kuliko pote! Sasa piga hesabu, kila kipande kinatolewa kwa tundu jingine la pembeni, kipya kinaingia hapo hapo, na vilivyofungwa ni maelfu kwa maelfu. Tena kabla ya hapo wanafanya mazoezi kwenye mfano wa mtambo wenye ukubwa ule ule, maana bolti ikikwama mule ndani hakuna wa kuingia na spana.

dada_wa_maabara:
Naongezea la kaboni. Kuhimili joto inahimili kweli, ila inashikamana na haidrojeni, na tritiamu ni haidrojeni, kwahiyo fueli inaganda ukutani, ambayo ni adimu na ina mionzi. Ndio wakaweka metali ya berili juu na metali ya tungsteni chini ambako joto linapiga zaidi. Fueli inayobaki ukutani ikapungua zaidi ya mara 10. Ila berili nayo vumbi lake ni sumu kwa mapafu, sababu nyingine ya kutomruhusu mtu mule bila suti yenye hewa yake.

mtaka_kujua:
Asante sana dada, sasa nimeelewa. Na ukuta mpya ulileta matokeo?

nyuzijoto:
Sana. Mwisho wa 2021 walipata megajuli 59 za nishati ndani ya sekunde 5, 2023 wakafika 69 kwa fueli ya takriban miligramu 0.2 tu. Disemba ya mwaka huo huo wakauzima moja kwa moja, na roboti zikarudi kutoa baadhi ya vigae vikachunguzwe vimeliwa kiasi gani.

dada_wa_maabara:
Na ITER, mtambo mwingine wa fyusheni unaojengwa Ufaransa, nayo ilikuwa imepanga berili, sasa wamehamia tungsteni ukuta mzima.