Nimepeleka kompyuta kubadilishiwa Windows, fundi "amenipangia" mafaili bila kuombwa

Wanajukwaa, sina haja ya kumtaja fundi huyu, kwa sababu nusu ya Dar es Salaam imekwisha kupita mikononi mwake na nusu iliyobaki iko njiani. Ni yule wa Kariakoo, wa ghorofani, mwenye feni inayonguruma kuliko jenereta, ambaye humwita kila mteja "bosi" lakini hasikilizi bosi anasema nini. Leo mchana mtu huyu amenitazama usoni, akatabasamu kama bwana harusi, akaniambia: "Bosi, na mafaili nimekupangia."

Nilimpelekea kompyuta mpakato kwa kazi moja tu, nayo ni kuniwekea Windows 11, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025 na mimi siwezi kufanya kazi za watu kwenye mashine isiyopata masasisho ya usalama. Windows inakaa kwenye C, sehemu moja ya hifadhi ya kompyuta. Kazi zangu zote zimo kwenye D, sehemu nyingine. Nilimwambia kwa mdomo wangu, nikamwandikia kwenye karatasi, nikaibandika karatasi hiyo juu ya kompyuta: D isiguswe.

Mimi ni mchora ramani za nyumba. Kila mteja ana folda yake yenye jina la eneo na namba ya kiwanja, iwe Goba, Madale, Bunju au Kigamboni, na ndani ya kila folda mna mafaili yenye majina yale yale: Ramani ya Chini, Paa, Makisio, Mkataba. Yanafanana kwa makusudi, maana folda ndiyo inayosema kazi ni ya nani. Bwana huyu akafungua D, akaona "vurugu", akaunda folda nne alizoziita Michoro, Word, PDF na Picha, kisha akaanza kumimina. Ya Goba ikaingia salama. Ilipofuata ya Madale, kompyuta ikamwuliza, kama inavyomwuliza kila mtu, kwamba humu tayari mna mafaili yenye majina haya, je, yaliyomo yabadilishwe, yarukwe, au mwenyewe aamue moja baada ya jingine? Akajibu yabadilishwe, tena yote kwa mpigo, na akaendelea hivyo hadi folda ya mwisho.

Nimebaki na Mkataba mmoja. Mmoja! Wateja wangu wote kuanzia leo wana mkataba wa mzee mmoja wa Bunju, na jiji zima linaezekwa kwa paa la mzee wa Bunju. Halafu mtu ananiambia amenipangia!

Hata michoro iliyosalia haifunguki ipasavyo, kwa sababu mchoro mkuu kwenye AutoCAD, programu ninayochorea, hukumbuka njia ya kuifikia michoro mingine iliyoambatanishwa nao, na sasa unaitafuta kwenye folda ambazo hazipo tena. Yale mafaili ya bak, ambayo AutoCAD huyaacha kama toleo la kabla ya kuhifadhi mara ya mwisho, na ambayo leo yangeniokoa, ameyafuta kwa madai kwamba yalikuwa yanajaza nafasi. Ni sawa na mtu uliyemwita afagie uwanja, ukarudi ukakuta amehamisha makaburi ya wazee na kuyapanga kwa urefu, naye amesimama pale anasubiri asante.

Na kabla hamjaniuliza habari za nakala: nilikuwa nayo, kwenye diski ya nje, na ni yeye aliyeniomba nimwachie "kwa tahadhari". Ameipanga nayo, "ili zifanane".

Nilipotazama karatasi ya malipo nimekuta elfu kumi ya nyongeza, na mbele yake pameandikwa: kupanga mafaili. "Bosi, nimekupangia." Neno hilo linanirudia kichwani tangu Kariakoo hadi hapa nilipo, na kila likirudi damu inachemka upya.

Mjukuu wa Mzizima: Pole sana, mkuu. Huyo namfahamu hata bila jina. Mwaka jana alinifutia picha zote za send-off ya dada yangu, akanieleza kwamba zilikuwa "zinajirudia". Kamera ikifika namba ya mwisho huanza kuhesabu upya, kwa hiyo picha mbili zinaweza kuwa na jina moja huku moja ni ya bibi anakata keki na nyingine ni ya matairi ya gari. Kwenye albamu ya familia nimebaki na matairi.

Mzee wa Mbagala: Mleta uzi, nami nikuulize. Mtu mzima, mwenye kazi za watu, unaitaje mafaili ya wateja wote "Mkataba"? Mimi kila faili langu lina tarehe, nikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, likifuatiwa na jina la mteja. Kompyuta inayapanga yenyewe na hakuna fundi awezaye kuyachanganya hata akiwa amelala.

Mleta uzi: Mzee wangu, shikamoo. Majina hayo nimeyatumia kwa miaka na hayajawahi kumgonga mtu, kwa kuwa folda zilikuwa mahali pake. Mwenye kosa ni aliyeingia chumba alichoambiwa asiingie. Niliandika D isiguswe, akaigusa, akaniambia amenipangia.

Fundi Mstaafu: Ndugu, zima mashine hiyo sasa hivi, usiandike chochote juu yake. Kama D iko kwenye diski ya kuzunguka, faili lililofutwa huwa limeondolewa kwenye orodha tu, na data yake hubaki palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, kwa hiyo programu za kurejesha zinaweza kuokoa sehemu. Kama ni SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, matumaini ni madogo, kwa sababu tangu Windows 7 mfumo huiarifu diski kwamba nafasi hiyo haihitajiki tena, nayo huisafisha kwa wakati wake. Anza na ile diski ya nje. Na usimrudishie yeye.

Binti Sinza: "Usimrudishie yeye" nimecheka hadi jirani amegonga ukuta. Atakuambia, bosi, na yaliyofufuka nimekupangia.

Karani wa Posta: Heri yenu mnaonyanyaswa na fundi mnayeweza kumkimbia. Mimi ninaye mkuu wa kitengo, nadhani wengi wenu mnamjua kwa tabia, ambaye huhifadhi kila kitu juu ya uso wa kompyuta hadi picha ya nyuma haionekani. Ripoti ya robo mwaka ina matoleo yaitwayo Mwisho, Mwisho Kabisa, Mwisho Mpya na Mwisho Hili Ndilo, na ananipigia simu saa nne usiku kuniuliza lipi ndilo.

Mzee wa Mbagala: Ndiyo maana nikasema tarehe. Mwaka kwanza.

Karani wa Posta: Mzee, nilimwekea tarehe. Akaandika siku kwanza, kwa hiyo tarehe moja ya Desemba inakaa juu ya tarehe mbili ya Januari. Nimenyoosha mikono.

Mleta uzi: Jamani, mimi sina michoro na mteja wa Madale anakuja kesho asubuhi.

Kijana wa Tabata: Wakuu, samahani kwa kuingilia, ila na mimi nimeumizwa leo. Nimekwenda steshenari kuchapa barua ya maombi ya kazi, yule dada akachomeka flashi yangu kwenye kompyuta yake, na nilipofika nyumbani kila folda imegeuka kuwa njia ya mkato (shortcut) na ndani hamna kitu. Vyeti vyangu vyote vimo humo!

Binti Sinza: Steshenari ipi? Ile iliyo mkabala na kituo? Walinifanyia hivyo hivyo, halafu wakanidai mia mbili ya kufungua faili.

Kijana wa Tabata: Hiyo hiyo!

Karani wa Posta: Mia mbili? Kwangu walidai mia tano, na karatasi ikatoka na mistari myeusi.

Fundi Mstaafu: Kijana, usiifomati hiyo flashi wala usibonyeze hizo njia za mkato. Virusi hivyo kwa kawaida havifuti mafaili, huyaficha tu. Tumia kompyuta yenye kinga ya virusi iliyosasishwa, ichunguze flashi kwanza, kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike hivi, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E: attrib -h -s /s /d E:\*.*

Kijana wa Tabata: Yamerudi! Vyeti vyote vipo! Mkuu, Mungu akubariki. Kesho nawarudia pale steshenari.

Binti Sinza: Ukienda niambie saa ngapi, nami ninadai mia mbili yangu.