Goldberg Variations: Gould wa 1955, Gould wa 1981 au Schiff?

Nyota: Wadau, nataka kununua rekodi moja tu ya Goldberg Variations za mtunzi Bach kwa piano. Nimebaki na hizo tatu za wapiga piano Glenn Gould na András Schiff. Nichukue ipi?

Vidole Kumi: Mbona umeficha ya muhimu? Umeshasikia ipi? Unasikilizia spika au hedifoni? Na Schiff gani, wa 1982 au ile aliyoipiga jukwaani 2001?

Santuri: 1955, wala usijiulize mara mbili. Kijana wa miaka 22 anapiga aria (wimbo wa mwanzo) na variesheni 30 (namna za kuugeuza) kwa dakika 38 hivi, na kila sauti unaifuata peke yake.

Mama Kanoni: Anawahi kumaliza kwa sababu ameruka marudio yote! Bach ameagiza kila nusu ya kila variesheni irudiwe. Schiff anarudia, na mara ya pili anaongeza madoido yake. Hapo ndipo utamu ulipo.

Msikivu: Mimi nilichukua ya 1981 kwa sifa za watu. Usiku, nyumba kimya, nikavaa hedifoni. Aria ikaanza taratibu, ikanigusa sana. Mara nikasikia mtu anaimba chini chini. Nikavua hedifoni, nikachungulia nje, hakuna mtu. Nikaamini faili ni bovu, nikamwandikia muuzaji. Akaniletea lingine, sauti ni ileile. Tumebishana wiki nzima, hakuna aliyenieleza kwamba ni Gould mwenyewe, huimba huku anapiga. Tangu siku hiyo nikifika variesheni ya 25 simsikii Bach, namsikia yeye.

Santuri: Pole ndugu. Lakini hata 1955 anaimba. Tena hiyo ya 25 ina jambo: watu husema 1981 ni ya polepole, na kweli aria ya 1955 haifiki dakika 2, ya 1981 inapita 3. Ila kwenye 25, yenye majonzi, kijana ndiye aliyekawia zaidi kuliko mzee.

Baroko Daima: Mnabishania piano wakati jalada la chapa ya kwanza, 1741, linataja hapsikodi (kinanda cha zamani cha kudonoa nyuzi) yenye safu mbili za vibao. Kwenye piano mikono inagombania vibao vilevile. Msikilizeni Wanda Landowska kwenye hapsikodi, 1933.

Mama Kanoni: Ameuliza piano, mkuu.

Vidole Kumi: Si ndio muziki aliotungiwa yule bwana asiyepata usingizi?

Baroko Daima: Hadithi hiyo kaiandika Forkel, mwandishi wa maisha ya Bach, mwaka 1802, Bach ana zaidi ya miaka 50 kaburini. Jalada halimtaji bwana yeyote.

Mama Kanoni: Na variesheni ya 29 imlaze nani? Ngurumo ile!

Nyota: Samahani kwa kuchelewa. Nimesikia aria ya 1981 tu, nikaipenda mno. Nasikilizia hedifoni, usiku.

Msikivu: Basi soma tena nilichoandika.

Santuri: Kama aria imekushika, kuimba kwake hakutakusumbua.

Vidole Kumi: Hedifoni za kufunika sikio au za kuchomeka?